Napataje taarifa kila komiti ikiingia kwenye mradi ninaochangia, bila inboksi kufurika?

mtafsiri_sw

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wale mnaochangia miradi ya programu huria, hasa wenye uzoefu na hizi notifikesheni za komiti, yaani mabadiliko ya kodi yanayohifadhiwa kwenye historia ya mradi.

Kazi yangu kubwa ni tafsiri, sio kodi. Nashika faili la tafsiri za Kiswahili, po/sw.po, kwenye mradi mmoja mdogo hivi (jina naliacha, watu wake ni wema sitaki waonekane vibaya), ripo (ghala la kodi) iko GitHub. Sasa juzi toleo jipya limetoka, nafungua programu nakuta menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, sentensi nilizozitafsiri zamani zimerudi Kiingereza. Nikaingia kwenye historia kufuatilia, kumbe kuna mtu alipita kwenye kodi nzima akasafisha maneno ya Kiingereza, hapa kaongeza nukta, pale herufi kubwa kaifanya ndogo, mabadiliko madogo madogo tu, afu msgmerge (inayolinganisha tafsiri na maneno mapya) ilipopitishwa ikazipiga zote zile alama ya fuzzy, yaani tafsiri ya kuhakikiwa upya, na kama mnavyojua msgfmt ikikuta fuzzy haiingizi kwenye faili la .mo ambalo programu inalisoma, kwahiyo mtumiaji anaishia kuona Kiingereza. Hakuna aliyefanya ubaya na programu inafanya kazi vizuri, ila mimi ninayeshika Kiswahili sikuwa na njia ya kujua mapema, na kuna watu wanaitumia hii programu kwa sababu tu iko kwa lugha yao. Roho inaniuma kwa ajili ya hao.

Nimeshaweka Watch nikachagua All Activity. Zinakuja ishu, zinakuja PR (maombi ya kuingiza mabadiliko), zinakuja komenti za watu wanabishana rangi ya kitufe wiki nzima, lakini zile komiti ambazo mentena (msimamizi wa mradi) anapushi moja kwa moja kwenye main, tawi kuu, hazinifikii, na yeye mambo mengi anapushi moja kwa moja maana mradi ni wake na wachangiaji tuko wachache.

Ninachotaka ni hivi: komiti ikigusa po/ au ikigusa maneno yanayoonekana kwa mtumiaji nipate barua, ikiwezekana difu yenyewe (mistari iliyoongezwa na kuondolewa) iwe humo humo ndani nisome hata nikiwa kwenye daladala na bando dogo. Nyingine zote sizihitaji. Kwenye ripo sina haki za admini. Inawezekana hii au nitafute namna nyingine? Nawasilisha.

---

terminal_nyeusi

Mkuu inawezekana, na wala hauhitaji kumsumbua mtu.

Kwanza elewa kwanini Watch haikusaidii. Watch inafuata mazungumzo, yaani ishu, PR, matoleo mapya, mijadala na tahadhari za usalama. Komiti ikipushiwa bila PR hapo hakuna mazungumzo, hivyo hakuna barua. Wengine hukimbilia CODEOWNERS, faili linalotaja nani aombwe kupitia mabadiliko, lakini nayo inafanya kazi kwenye PR tu, na inataka uwe na haki ya kuandika kwenye ripo, kwahiyo kwako haina msaada.

Njia nyepesi ni fidi ya Atom, orodha ya habari mpya inayojisasisha ambayo programu inaisoma. Chukua anwani ya historia ya tawi, mwishoni weka .atom:

https://github.com/MWENYE/RIPO/commits/main.atom

Na uzuri ni kwamba unaweza kuielekeza kwenye faili moja tu:

https://github.com/MWENYE/RIPO/commits/main/po/sw.po.atom

Unaiingiza kwenye Thunderbird (inasoma fidi yenyewe, hauhitaji programu nyingine) au kama unataka ije kama imeili kabisa kuna rss2email inafanya kazi hiyo miaka mingi. Kasoro yake fidi inakupa kichwa na ujumbe wa komiti, difu haimo. Ukitaka difu bila kufungua ukurasa mzima wa GitHub ambao ni mzito, chukua anwani ya komiti uongeze .patch mwishoni, unapata maandishi matupu, KB chache tu.

Lakini kwa tatizo lako wewe fidi ya sw.po haitoshi, na hapa naomba usome vizuri. Maneno yanabadilika kwenye kodi kwanza. sw.po inaguswa baadaye siku mtu akipitisha msgmerge, na hiyo inaweza kuwa saa chache kabla ya toleo, kwahiyo ukisubiri sw.po iguswe umeshachelewa. Kama mradi unaweka faili la .pot (orodha ya maneno asili ya kutafsiriwa) ndani ya ripo basi fuata hilo, ila miradi mingi hailiweki. Kwahiyo mimi ningefanya hivi: weka kloni (nakala kamili) ya ripo kwenye mashine yako au seva yoyote ndogo, afu cron, kipanga ratiba cha mashine, ipitishe hii mara moja kwa siku:

git fetch -q
git log -p -G'_\("' main..origin/main
git merge -q --ff-only origin/main

Hiyo -G inachagua komiti ambazo difu yake imeongeza au kuondoa mstari wenye _(" yaani maneno yaliyofungwa kwa ajili ya tafsiri, na ukiwa na -p inakuonyesha mafaili yaliyolingana tu, mengine inayaacha. Mstari wa tatu unaisogeza main yako ili kesho usiletewe yale yale. Matokeo ya mstari wa pili yapeleke kwenye programu yako ya kutuma barua, yakiwa matupu usitume kitu. Umemaliza, unapata barua yenye difu, ya maneno peke yake, na mentena hajaguswa.

Kama mradi unatumia gettext("...") au tr("...") badala ya _("...") badilisha hiyo regeksi (muundo wa kutafutia maneno).

---

kamusi_wazi

Pole sana ndugu mtafsiri. Na mimi ni wa tafsiri kwahiyo nakuelewa kabisa, kazi ya watafsiri huwa inaharibika kimya kimya na hakuna anayeona mpaka mtumiaji alalamike, na watumiaji wetu wengi hawalalamiki, wanabadilisha lugha kurudi Kiingereza basi imeisha.

Naongeza kwamba hili limeshafikiriwa kwenye miradi mikubwa. GNOME wana mfumo wao unaitwa Damned Lies, wakifika kipindi cha kufungia maneno kabla ya toleo, mtu akiingiza komiti yenye maneno mapya mfumo wenyewe ulikuwa unatuma barua kwenye orodha ya watafsiri, inataja moduli gani na maneno gani yameongezwa, na hapo watafsiri walikuwa wanajibu papo hapo kumuuliza mhusika aliomba ruhusa au hapana. Nimezisoma sana barua zile, zilikuwa fupi, zinaenda kwa watu wanaohusika tu na zinakuja wakati ambao bado kuna cha kufanya. Nyingi ya notifikesheni za siku hizi hazina hata moja kati ya hayo.

Kwa mradi mdogo, mshauri mentena muweke Weblate. Ile inafuatilia ripo yenyewe na kila mtafsiri anachagua mwenyewe aarifiwe lini, pale pale, mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki, na kwa lugha yake tu. Mimi nimechagua ya siku.

---

mzee_wa_loginfo

Vijana wangu niruhusuni niongeze, maana hili jambo nalipenda na nimekaa nalo muda mrefu.

Hizi barua za komiti hazikuanza na GitHub. Enzi za CVS, mfumo wa zamani wa kutunza historia ya kodi, kulikuwa na faili linaitwa loginfo ndani ya folda ya CVSROOT, unaandika mstari mmoja tu, moduli gani na skripti gani iitwe, mtu akikomiti barua inaenda kwa wote walio kwenye orodha. Subversion 1.0 ilivyokuja mwaka 2004 ikawa na folda ya hooks, humo post-commit na mailer.py wakafanya kazi ile ile. Git ikazaliwa Aprili 2005 nayo ikawa na skripti zake za upande wa seva, iliyozoeleka zaidi ni post-receive. Miradi ya watu makini haijawahi kuacha utaratibu huu. PostgreSQL wana pgsql-committers, FreeBSD kila komiti ya src inaingia dev-commits-src-all, kernel (kiini) ya Linux wana git-commits-head ambayo inabeba kila kinachoingia kwenye mti wa Linus. Waliopenda kuziona kwenye IRC (mazungumzo ya papo kwa papo) walikuwa na huduma ya CIA.vc, ikimwaga komiti za miradi mingi kwenye chaneli zao, ilipozimika mwaka 2012 Eric Raymond akaandika irker ili kila mradi ujiendeshee wake.

Sasa kwanini watu wazima wenye kazi zao wakubali kupokea barua zote hizo? Kwa sababu ni ulinzi. Kumerji na kupitia kabla ni vizuri, lakini mtu mwenye funguo za ripo, au aliyeiba funguo, hapiti kwenye PR yako.

Chukueni PHP. Tarehe 28 Machi 2021 ziliingia komiti mbili kwenye php-src, moja kwa jina la Rasmus Lerdorf mwenyewe aliyeianzisha lugha na nyingine kwa jina la Nikita Popov, na si wao walioziandika. Ya kwanza ilijiita kurekebisha kosa la herufi. Ndani yake kulikuwa na mlango wa nyuma, seva ikipokea heda ya user-agentt (ile yenye t mbili) inayoanza na neno zerodium basi inaendesha kodi yoyote aliyoituma mgeni. Fikiria ni tovuti ngapi duniani ziko kwenye PHP. Ilikamatwa ndani ya saa chache kwa sababu kuna watu ambao desturi yao ni kusoma kila komiti baada ya kuingia, wakauliza hiki ni nini. Ikafutwa, haikufika kwenye toleo lolote, na timu ikaamua kuachana na seva yao ya git.php.net wakahamia GitHub moja kwa moja.

Kabla ya hapo Novemba 2003 kernel ya Linux nayo ilijaribiwa. Wakati ule kodi kuu ilikuwa kwenye BitKeeper, mfumo mwingine wa kutunza kodi, na kulikuwa na nakala ya CVS pembeni kwa wasiotaka BitKeeper. Mtu akaingiza mabadiliko kwenye ile nakala, ndani ya wait4, mistari miwili, penye kulinganisha uid (namba ya mtumiaji) na sifuri kwa == akaweka = moja. Ukisoma haraka unaona ni ukaguzi wa kawaida, kumbe ile = inampa anayeita nguvu za root, yaani za msimamizi mkuu. Ilijulikana kwa sababu yale mabadiliko ya CVS hayakuwa na mwenzake kule BitKeeper, Larry McVoy akaona hesabu haziendi.

Kwahiyo mwanangu mtafsiri, ombi lako la kutaka difu ndani ya barua ni sahihi kabisa na usikubali mtu akwambie kiungo kinatosha. Kiungo watu hawafungui. Difu ikiwa mbele ya macho jicho linapita hata bila kukusudia, na jicho la mtu anayeijua kodi likipita kwenye ile = moja linasimama.

---

binti_wa_pwani

Shikamoo mzee. Nakuheshimu na hizo habari ni za kweli ila mie naona tuangalie upande wa pili pia, maana kijana akitoka hapa akajiandikisha kila komiti ya kila mradi baada ya mwezi atakuwa ana filta moja inayozipeleka zote folda ambayo haifunguliwi kamwe, na barua isiyofunguliwa hailindi kitu.

Halafu tusizipe komiti nguvu ambazo hazina. Ile ya xz (programu ya kubana mafaili) ya mwaka 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kipande kilichokuwa kinauwasha ule mlango wa nyuma, faili la build-to-host.m4, hakikuwemo kwenye git kabisa, kiliwekwa kwenye furushi la tar la toleo peke yake. Kilichokuwa kwenye git ni mafaili ya majaribio ya bainari, na difu ya bainari hakuna jicho linaloisoma. Ungekuwa unapokea barua ya kila komiti ya xz usingeona cha kukushtua. Aliyeigundua, Andres Freund, alikuwa anapima mambo yake ya PostgreSQL akaona sshd (huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inakula CPU na login inachelewa kama nusu sekunde, akachimba, tarehe 29 Machi akaitangaza. Sisemi barua hazina maana. Nasema mtu asome chache anazozielewa kuliko kupokea zote.

Kuna jengine ambalo hakuna aliyeligusa humu na ndilo linalonihusu zaidi, nalo ni mchangiaji mpya kujua pachi yake (mabadiliko aliyoyatuma) imeingia. Mie nilianza kwa kutuma pachi kwa barua, na kwa mtu mgeni hakuna kinachokatisha tamaa kama kutuma kitu ukae wiki mbili hujui kimepokelewa, kimekataliwa au kimepotea. Kwenye kernel upande wa netdev (mambo ya mtandao) wana boti ya patchwork, pachi ikishaingizwa inajibu kwenye uzi ule ule wa barua yako kwamba imewekwa kwenye mti fulani na komiti zake ndizo hizi. Matawi ya stable nao wanakutumia barua kwamba pachi yako imeongezwa kwenye toleo la kadhaa wa kadhaa. Barua ile moja ndogo, imetumwa na mashine, lakini yule aliyekaa Tanga au Bujumbura anajua kazi yake iko ndani ya kitu ambacho dunia nzima inatumia, na kesho anatuma nyengine. Wenye miradi midogo mkiweka mfumo wa taarifa anzeni na hiyo kwanza kabla ya kujaza orodha za wakubwa.

---

mzee_wa_loginfo

Marahaba binti yangu. La xz nakubaliana nawe, na ndo maana siku hizi watu wanadai furushi la toleo lilingane na kilichomo git. Na hilo la mchangiaji mpya umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi lolote hapo juu.

---

seva_ya_sebuleni

Kwa wale ambao mna ripo zenu kwenye seva yenu wenyewe bila GitHub, ngoja niandike nnavyofanya maana nimeona watu wengi wanakwama sehemu zile zile.

Post-receive ni skripti tu inayokaa ndani ya folda ya hooks ya ripo ya seva, mtu akishapushi Git inaiita na kuipa mstari mmoja kwa kila tawi lililoguswa, una vitu vitatu, hashi (kitambulisho cha komiti) ya zamani, hashi mpya na jina la rejea. Hashi ya zamani ikiwa sifuri tupu maana yake tawi ni jipya, hashi mpya ikiwa sifuri tupu tawi limefutwa. Watu wanaoandika skripti yao wenyewe hapa ndo wanapoangukia, hawashughulikii zile sifuri, afu siku mtu anafungua tawi jipya orodha nzima inapokea historia yote ya mradi tangu siku ya kwanza. Kwahiyo usiandike yako, chukua git-multimail, ni ya Python, ilikuwa inakuja hata ndani ya folda ya contrib ya Git, hayo yote imeshayafikiria. Inatuma barua moja ya muhtasari ya push afu barua moja kwa kila komiti, na zile za komiti zinakaa kama majibu chini ya muhtasari kwahiyo kwenye programu ya barua zinajipanga zenyewe.

Mipangilio ambayo usiiache: multimailhook.emailMaxLines, hii inakata barua ikizidi mistari uliyoweka, bila hiyo siku mtu akiingiza faili kubwa la JSON mnapokea barua ya MB kadhaa na wenye bando wanaumia. multimailhook.maxCommitEmails nayo kwa kawaida iko 500, punguza, kwa mradi mdogo 50 inatosha, ikizidi hapo unapata muhtasari tu. Na multimailhook.refFilterInclusionRegex uchague matawi ya kuripoti, matawi ya majaribio ya watu hayana haja ya kusomwa na kila mtu.

Sasa kubwa kuliko yote ni From. Zamani barua ya komiti ilikuwa inakuja kwa jina na anwani ya aliyekomiti, inapendeza unajua ni nani, ila leo ukifanya hivyo seva yako inatuma barua ikidai inatoka kwa anwani ya Gmail au ya kampuni ya mtu, na zile kinga za kuthibitisha mtumaji zinakukataa, SPF haikutambui, saini ya DKIM huna, DMARC inagoma, barua inaishia spamu au inakataliwa mlangoni. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi, hata mtumaji mdogo lazima awe na SPF au DKIM. Weka From iwe anwani ya domeni yako mwenyewe, jina la mtu liandike pembeni, na anwani yake ikae kwenye Reply-To ili anayejibu amfikie mhusika. git-multimail ina mipangilio ya from na replyToCommit kwa ajili hiyo.

Na jambo la mwisho, Git haimwachii anayepushi mpaka post-receive imalize. Ukituma barua hamsini pale pale kupitia seva ya barua iliyo mbali, mtu anakaa anaangalia terminal imeganda anadhani push imegoma, anakata kwa Ctrl-C. Weka postfix, programu ya kutuma barua, hapo hapo kwenye mashine, barua zitupwe kwenye foleni papo hapo na postfix ihangaike nazo taratibu.

Kwa walioko GitLab hawahitaji haya, kuna Emails on push kwenye Integrations, na unaweza kuzima difu kama kodi ni ya siri. GitHub pia mwenye ripo anaweza kuwasha Email notifications kwenye Settings ila inapokea anwani mbili tu, kwahiyo weka anwani ya mailing listi hapo, na barua yake inataja mafaili yaliyoguswa na ujumbe wa komiti, difu ni kiungo.

---

mchangiaji_kimya

Swali dogo lenye uzito kwangu. Hizi barua zikienda kwenye orodha ya wazi si zinabaki kwenye kumbukumbu milele na anwani yangu ya barua humo ndani? Kuna sisi ambao kazini hawajui tunachangia miradi ya nje, na kuna madada nawajua walianza kupata ujumbe wa ajabu ajabu kutoka kwa watu wasiowajua baada ya jina na imeili kuonekana kwenye komiti.

---

terminal_nyeusi

@mchangiaji_kimya ndio zinabaki, na sio kwenye barua tu, anwani imeandikwa ndani ya komiti yenyewe, yeyote mwenye kloni anaiona kwa git log. Kwahiyo kinga inaanza kabla ya kukomiti. GitHub kwenye mipangilio ya Emails kuna Keep my email addresses private, inakupa anwani ya users.noreply.github.com, hiyo ndo unaiweka kwenye git config user.email. Chini yake kuna nyingine inazuia push yoyote yenye anwani yako halisi, iwashe nayo, hiyo inakuokoa siku umebadilisha laptopu na haujaweka config. Komiti za zamani zilizoshasambaa hazirudi. Na wenye orodha za barua kama archive yenu iko wazi fichieni watu anwani zao, ni kazi ndogo sana kwenye Mailman.

Hilo la madada sio jambo dogo na miradi inalichukulia kirahisi mno.

---

mtafsiri_sw

Wakuu asanteni sana, shikamoo mzee wa loginfo. Nimefanya kama alivyosema terminal_nyeusi, cron iko kwenye laptopu ya zamani nyumbani, na leo asubuhi nimeamka nimekuta barua ya kwanza, komiti mbili, moja imebadilisha "Log in" kuwa "Sign in" sehemu nne na nyingine imeongeza ujumbe mpya wa kosa. Nimeshazitafsiri zote na pachi nimetuma kabla hata ya chai. Difu nzima ilikuwa haifiki KB kumi.

Nimemwandikia pia mentena nikamweleza kilichotokea kwenye toleo lililopita, kasikitika kweli, hakujua kabisa kwamba kuongeza nukta kunaangusha tafsiri. Kakubali kutangaza tarehe ya kufungia maneno kabla ya kila toleo, na kasema Weblate ataiangalia. Pia nimemtumia maneno ya binti_wa_pwani kuhusu wachangiaji wapya, kayapenda.

Limebaki moja. Kumbe matoleo hayatoki main, ana tawi linaitwa stable ambalo anachomoa komiti kutoka main na kuzipandikiza huko, na mara nyingine analiandika upya kwa push ya nguvu. Ile amri yangu inaangalia main tu. Nikiiongeza stable kwa mtindo ule ule si --ff-only itagoma siku akilazimisha?

---

terminal_nyeusi

Itagoma ndio, na kuanzia hapo kila siku utaletewa yale yale mpaka uingie kwa mkono. Kwa tawi linaloandikwa upya usitumie merge, weka alama yako mwenyewe:

git log -p -G'_\("' --cherry-pick --right-only nimeona...origin/stable
git tag -f nimeona origin/stable

Angalia nukta ni tatu sio mbili. Ukiwa na --cherry-pick na --right-only Git inalinganisha difu zenyewe badala ya hashi, kwahiyo komiti aliyoiandika upya bila kubadilisha kilichomo haikuletei tena, unapata zile ambazo kweli ni mpya kwenye stable. Mara ya kwanza kabisa tengeneza hiyo tagi kwa mkono kwenye toleo la mwisho lililotoka, mfano git tag nimeona v2.4, la sivyo mstari wa kwanza utalalamika haiijui. Na hakikisha tagi umeibakiza kwako, usiipushi.